Jiko Moja, Kazi Mbili: Historia ya Moshi Kibera na Kawangware

Mtu wa Mombasa anayepanda Nairobi mwezi wa Julai hushangazwa na baridi, kisha hushangazwa na mahali jiko lilipowekwa. Kwao jikoni ni uani, na moshi una anga nzima ya kupotelea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu hulala juu ya mji kutwa, na usiku joto hushuka hadi digrii 11 au 12, pengine chini ya hapo. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi cha Kibera au Kawangware jiko huingizwa ndani kwa sababu uani hakuna, na likishaingia halitolewi upesi kwa sababu ndilo linalopasha nyumba joto. Historia ya hewa ya vyumba hivi imo katika kazi hizo mbili za jiko moja. Waliokuja na miradi ya kuondoa moshi waliiona kazi ya kupika. Kazi ya kuotesha watu moto wengi wao hawakuiweka hata kwenye hesabu.

Kibera haikuanza na msongamano. Askari Wanubi wa King's African Rifles, ambao asili yao ni Sudan, waliruhusiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kukaa msituni kusini-magharibi mwa mji mchanga wa reli, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Nyumba zao, ambazo mabaki yake bado yanaonekana upande wa Makina, zilifuata umbo la nyumba ya Kiswahili: vyumba vinatazamana kwenye ukumbi mrefu, na nyuma kuna ua wa kupikia. Kuni zilitoka msitu wa Ngong uliokuwa mlangoni. Wanawake walipika kisra, mkate mwembamba wa Kisudani, nje, na baadhi yao walikesha kwenye mitambo ya ile pombe kali ambayo mji mzima uliiita jini ya Wanubi. Moshi haukukosa, lakini kati ya jiko la mtu na la jirani yake kulikuwa na shamba la mahindi.

Mjini kwenyewe wakubwa walikuwa na hofu yao ya hewa. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya miji, na ushauri wake ukawa kwamba watu watengwe kwa rangi, kila jamii na mtaa wake. Juu ya vilima, Muthaiga na baadaye Karen na Lavington, nyumba za Wazungu zilijengwa na dohani za mawe. Kila mjenzi alijua kwamba Nairobi ina baridi na kwamba binadamu anahitaji kuota moto bila kula moshi wake. Ujuzi huo haukuteremka bondeni. Mwafrika mjini alihesabiwa kama kibarua anayehitaji nafasi ya kitanda, mkataba ukiisha arudi kwao. Mtu wa namna hiyo hakutarajiwa kuwa na mke, chungu cha maharagwe, wala mtoto anayekohoa saa nane za usiku. Lavington na Kawangware leo zinapakana, na mtu huvuka kwa miguu kwa dakika chache kutoka nyumba yenye dohani hadi chumba kisicho na hata tundu la kutolea hewa.

Njia zilizoifikisha mitaa hii miwili kwenye chumba kile kile zilikuwa tofauti. Kibera, Wanubi walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru mwaka 1963 wakawa watu wanaokaa kwenye ardhi ya serikali. Mipaka ya mji ilipolegea na watu kumiminika kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingine, vyumba vilijengwa haraka, ukuta wa fito na udongo, paa la mabati, mgongo kwa mgongo na chumba cha mwingine. Mwenye jengo hana hati ya ardhi, na kesho tingatinga linaweza kuja, kwa hiyo kila shilingi aliyoweka ni lazima irudi haraka kwa kodi. Dirisha ni gharama, tena ni mlango wa mwizi. Lilipokuwepo lilikuwa kipande cha mbao cha kuinua, upana wa kitabu.

Kawangware ardhi ina wenyewe. Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu chini ya Kiambu, enzi ya Chifu Kinyanjui wa Gathirimu na baada yake. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1954, watu wa hifadhi walikusanywa kwa nguvu vijijini chini ya macho ya askari, nyumba karibu karibu. Dagoretti ilipoingizwa Nairobi wakati wa uhuru, wenye mashamba madogo waligundua kwamba safu ya vyumba vya mbao na mabati inalipa kuliko mahindi. Hivyo ndivyo ploti zilivyozaliwa kule Gatina, Congo, Kabiro na kandokando ya barabara ya basi nambari 46: safu mbili zinazotazamana, katikati ujia wa zege na mfereji mmoja, mwishoni choo. Mwenye ploti wa Kawangware angeweza kujenga kwa mawe na madirisha kwa sababu hakuna wa kumbomolea. Miaka mingi hakufanya hivyo. Chumba cha bei nafuu kilipata mpangaji siku hiyo hiyo.

Ndani ya vyumba hivyo kuni hazikukaa muda mrefu. Msitu ulisogea mbali, na mzigo wa kuni ni mzito na hauna pa kuwekwa. Makaa yalishinda: mepesi kubeba, hayaozi, yanauzwa kwa gunia, kwa debe au kwa mkebe. Jiko la bati lenye tumbo la mviringo na miguu mitatu husemekana kuletwa na mafundi wa Kihindi waliojenga reli. Likawa chombo cha kila nyumba, na mafundi wa Kamukunji na Gikomba wakawa wanalifua kutoka kwa mapipa yaliyokwisha kazi.

Kuwasha jiko la makaa kuna utaratibu wake, na kila mtoto wa ploti anaujua. Jiko huwekwa nje ya mlango, kwenye ujia. Chini hupangwa vijiti na karatasi, au kipande cha plastiki kama vijiti vimelowa, juu yake makaa madogo, kisha makubwa. Moshi mweupe mzito huchukua robo saa au zaidi, na huo huingia kwa majirani wote, mlango baada ya mlango. Mtu hupepea kwa kipande cha katoni. Moshi ukikatika na makaa kuanza kuvaa jivu, jiko hubebwa kwa mpini likaingizwa ndani, na hapo kila mtu huona kwamba kazi ya moshi imekwisha.

Haijakwisha. Makaa yaliyoshika vizuri hutoa masizi kidogo kuliko kuni, lakini hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na mwili hukosa hewa huku mtu akidhani anasinzia tu. Kichwa huuma, miguu hulegea, na aliyelala haamki kufungua mlango. Karibu kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya huandika habari ya familia iliyokutwa imekufa asubuhi, jiko katikati ya chumba, matundu yote yamezibwa kwa nguo kuzuia upepo. Maafisa huonya watu wasilale na jiko. Onyo ni sahihi, ila halisemi mtu afanye nini na baridi.

Hatua kubwa ya kwanza ya kulibadilisha jiko ilikuja kwa sababu ya miti, wala si kwa sababu ya mapafu. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanyia Nairobi mkutano wa dunia kuhusu nishati mpya na jadidifu, wakati bei ya mafuta ilikuwa imeutikisa uchumi na kila mtu akihofia kwamba misitu ya Kenya inaishia motoni. Karibu na wakati huo mashirika yakaungana chini ya jina la KENGO, na kwa fedha za msaada wa Marekani wahandisi wakaanza kutafuta jiko linalokula makaa machache. Mfano waliuona Thailand, jiko la ndoo lenye udongo ndani. Maxwell Kinyanjui na wenzake wakalichukua wazo hilo na kulipa kiuno: bati lenye umbo la misonge miwili iliyokutana kwa ncha, na nusu ya juu tu ndiyo yenye bakuli la udongo wa kuchomwa. Kiuno kililishikilia bakuli lisianguke, kikapunguza uzito, na, jambo lililoamua kila kitu, fundi wa jua kali aliweza kulitengeneza kwa nyundo na patasi alizokuwa nazo tayari.

Likaitwa jiko la udongo la Kenya, na mafanikio yake ni ya kweli. Lilipunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50, halikuhitaji kiwanda, na halikuuzwa kwa ruzuku. Lilipanda na kushuka bei sokoni kama ndizi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yameuzwa Kenya, na umbo lake likaigwa nchi nyingine za Afrika. Nadhani hakuna chombo cha nyumbani kilichobuniwa Nairobi kilichosafiri mbali hivyo. Lakini lilihifadhi joto vizuri zaidi kuliko jiko la bati tupu, makaa yalidumu usiku, na kwa mpangaji wa Laini Saba, Kibera, hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kulala nalo ndani.

Mafuta taa yaliingia kwa mlango mwingine. Bei ya petroli na mafuta taa ilipangwa na serikali hadi soko lilipoachiliwa mwaka 1994, na mafuta taa yalitazamwa kama nishati ya mnyonge. Stovu ya tambi ilikuwa na sifa tatu ambazo makaa hayana: huwaka mara moja, huzimwa mara moja, na mafuta yake hununuliwa kwa shilingi chache kwenye pampu ya mkono ya kioski, kiasi cha kupika ugali mmoja tu. Kwa anayelipwa kwa siku, sifa ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Sensa ya 2009 ilikuta asilimia 63 ya kaya za Nairobi zikipika kwa mafuta taa, na gesi ikiwa na asilimia 20 pekee. 

Mafuta taa yaliaminiwa kuwa safi kwa sababu moshi wake hauumi macho kama wa kuni. Koroboi, taa ya kopo na utambi ambayo watoto walisomea, ilikuwa na siri mbaya: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa na taa ya namna hiyo hugeuka masizi meusi. Mwenye kulala chumba kimoja na koroboi aliyajua hayo bila kipimo. Asubuhi akipenga kamasi, leso ilikuwa nyeusi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa nishati za nyumbani ukishauri watu waepuke kutumia mafuta taa majumbani.

Kufikia hapo moshi wa majumbani ulikuwa umeshachunguzwa Kenya kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 katika kaya 55 huko Mpala, Laikipia, wakipima moshi na kuandika kila homa ya kifua. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001, yalikuwa na fundisho ambalo wauzaji wa majiko hawakulipenda. Hatari ya maradhi ya njia ya hewa hupanda kadiri moshi unavyozidi, lakini hupanda kwa kasi zaidi ukiwa chini ya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo. Juu ya hapo mstari unalala. Maana yake, ukitoa moshi kutoka mwingi mno hadi mwingi tu, mtoto hupata nafuu ndogo. Faida yenyewe iko chini, karibu na hewa safi, mahali ambapo jiko lililoboreshwa kidogo halifiki.

Kibera nayo ilipata watu wa kuhesabu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa afya ya Kenya, KEMRI, pamoja na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walituma wahudumu nyumba kwa nyumba Gatwekera na Soweto, huku wagonjwa wakitibiwa katika kliniki ya Tabitha, na maradhi ya kifua yakawa miongoni mwa yale yaliyojaa zaidi madaftarini. Upande wa mashariki mwa jiji, watafiti wa kituo cha APHRC walipima vumbi laini ndani ya nyumba za Korogocho na Viwandani. Wastani waliochapisha mwaka 2016 ulikuwa karibu mikrogramu 109 Korogocho na 59 Viwandani, na jioni ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko saa nyingine. Kiwango cha saa 24 ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza tangu 2021 ni 15. Mwaka huo wa 2016 pia, vipimaji vya bei nafuu viliwekwa sehemu chache za Nairobi, kimoja kikiwa katika shule ya Kibera Girls Soccer Academy, na hewa ya Kibera ikawa na tarakimu zake badala ya kukisiwa kwa ile ya katikati ya jiji.

Miradi nayo ilikuja, na baadhi ilikuwa na akili nyingi. Laini Saba, msanifu majengo Jim Archer na kampuni yake ya Planning Systems Services walijenga kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 Jiko ya Jamii, tanuri kubwa linalochoma takataka za mtaa kwa joto kali na kupikia watu wengi kwa pamoja, kwa msaada wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililo Gigiri, Nairobi. Gatwekera, shirika la Umande Trust lilisaidia vikundi kujenga vyoo vyenye mtambo wa gesi ya kinyesi chini, na juu vyumba vya mikutano na sehemu ya kupikia. Wageni walipiga picha nyingi. Watu walitumia choo kwa furaha, walioga maji moto, na mama wa mkahawa alichemsha chai yake. Ila jamaa aliyerudi kazini saa mbili usiku hakubeba sufuria na unga kwenda kupika kwenye jengo la umma gizani, kisha arudi chumba kilichopoa. Alitaka moto wake, ndani kwake, na mlango umefungwa.

Kilichobadilisha mambo zaidi ya miradi yote ni bei ya mwaka 2018. Februari serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, makaa yakapanda. Septemba ikaongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli, na bei yake ikawa karibu sawa na dizeli yenyewe. Mnyonge alibanwa pande zote mbili kwa mwaka mmoja. Gesi ilikuwa imeondolewa kodi ya VAT tangu 2016, na mtungi wa kilo sita wenye kichomeo juu yake, ule ambao Nairobi huuita meko, ukaanza kuonekana kwenye vyumba ambavyo zamani vingeuona kwa tajiri. Sensa ya 2019 ilikuta gesi ikitumiwa na asilimia 23.9 ya kaya za Kenya nzima, na Nairobi gesi ilikuwa imeshayapita mafuta taa.

Tatizo la mtungi ni lile lile la gunia la makaa: hujazwa mara moja, kwa fedha za siku nyingi. Kampuni zikagundua kile kioski cha mafuta taa kilikuwa kimejua siku zote. Teknolojia ya kuuza gesi kwa vipimo vidogo, iliyoanzia kwa KopaGas ya Tanzania, ilinunuliwa mwaka 2020 na Circle Gas, ambayo ikaungana na Safaricom na kuleta mtungi wenye mita. Mteja hutuma pesa kwa simu, hata shilingi hamsini, na gesi hufunguka kwa kiasi hicho. Korona ilipofunga mji mwaka huo na vibarua kukatika, watafiti waliofuatilia wateja wa gesi ya kulipia kidogo kidogo katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben walikuta asilimia 95 wameendelea nayo, tena kila mtu akitumia zaidi kidogo kwa sababu familia ilikuwa nyumbani. Hesabu hiyo ndiyo inayonishawishi kwamba ile hadithi ya maskini asiyependa nishati safi kwa ajili ya mazoea ilikuwa kisingizio. Serikali ilirudisha VAT ya asilimia 16 juu ya gesi Julai 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, ikaifuta tena 2023. Mtu aliyenunua mtungi kwa kumwamini mpanga kodi alikuwa na haki ya kukasirika. Na usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi kwenye kituo kisicho na leseni huko Embakasi uliua na kujeruhi watu wengi, na kina mama ambao tayari walikuwa wakiuogopa mtungi ndani ya chumba cha mabati wakapata la kusema.

Hata penye gesi, makaa hayajaondoka, na hapa ndipo wapimaji wengi hukosea hesabu. Chai, mayai, ugali na sukuma hupikwa kwa gesi. Githeri na maharagwe yanayotaka saa tatu hubaki kwenye makaa, au, mara nyingi zaidi, hununuliwa yakiwa yamechemshwa tayari kwa mama wa kando ya barabara. Anayenunua kikombe cha maharagwe yaliyoiva hununua na makaa yake humo humo. Nyumba yake imepona moshi, lakini yule mama na mtoto aliye mgongoni wamevuta wa nyumba arobaini. Kisha Julai inafika. Mwenye gesi hawezi kuiacha iwake saa nne ili miguu ipate joto, bei haimruhusu, na hata ingemruhusu, moto wa gesi kwenye chumba kilichozibwa nao hula hewa. Wengine wameunganisha koili kwenye stima ya sambaza, yaani ya kuunganishiwa bila idhini, inayolipiwa ada moja kwa mwezi bila kujali matumizi, na koili hiyo nyekundu hupika na kupasha joto bila moshi wowote hadi siku waya utakaposhika moto. Wengine hurudi kwa jiko la udongo.

Joto nalo lina msimu wake. Kuanzia Desemba 2015 hadi Februari 2016 watafiti waliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, wakalinganisha na kituo cha idara ya hali ya hewa cha Dagoretti. Mitaa ya mabanda ilikuwa na joto la digrii kadhaa zaidi: miti hakuna, mabati yamebanana, upepo hauna njia. Mtu akipika ndani saa saba mchana wa Februari, chumba huwa tanuri. Ukuta wa udongo ulisaidia, kwa kuwa udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Siku hizi Kibera kuta nyingi za udongo zimebadilishwa kuwa mabati, ni safi na ni haraka, na matokeo yake chumba huchoma mchana na kuganda usiku. Wapangaji huweka silingi ya maturubai au katoni, huvisha kuta mapazia na lesso, na chumba kinapendeza kweli. Pazia hilo hilo huziba ile nafasi kati ya ukuta na paa, ambayo ilikuwa dohani pekee ya nyumba.

Mwaka 2016 serikali ilikabidhi nyumba 822 za ghorofa Soweto Mashariki, Kibera, zenye jikoni yake, dirisha lake na stima ya halali. Kawangware mabadiliko yaliletwa na wenye ploti wenyewe: mabati yakang'olewa, ghorofa za mawe zikapanda, na msimamizi wa jengo akawekwa langoni. Kwenye ghorofa nyingi za namna hiyo makaa hayaruhusiwi ndani wala kwenye ujia, kwa sababu yanachafua ukuta, na nimeona sheria ya rangi ya ukuta ikifanya kwa mwezi mmoja kile ambacho semina za afya hazikufanya kwa miaka. Lakini vyumba vya katikati hutazama kisima cha hewa chenye upana wa mita moja, nguo zimeanikwa humo ghorofa kwa ghorofa, na harufu ya samaki wa ghorofa ya kwanza hulala na mtu wa ghorofa ya tano.

Kuna jambo jingine ambalo lilichelewa kuonekana. Watafiti Susanna Berkouwer na Joshua Dean waliwapa watu wa mitaa ya Nairobi nafasi ya kununua jiko la makaa la kisasa, wakaonyesha kwamba linaokoa takriban dola 120 kwa mwaka, ilhali kwa wastani mtu yuko tayari kulilipia dola 12 tu kama hana mkopo. Akipewa miezi mitatu ya kulipa, kiasi hicho huongezeka mara mbili. Baadaye waliwavalisha wanunuzi vipimaji. Wakati wa kupika moshi ulipungua sana, na watu wenyewe walisema kikohozi kimepungua. Kwa wastani wa kutwa nzima tofauti ilikuwa ndogo, na vipimo vya kitabibu havikuonyesha nafuu. Sababu ni kwamba mtu hupika saa chache, kisha saa zilizobaki huvuta hewa ya mtaa: jiko la jirani, takataka zinazochomwa kando ya mto, matatu za barabara ya Naivasha, vumbi. Na ukuta wa bati hauzuii chochote kati ya hivyo.

Ndiyo maana mpango wa taifa wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa kila kaya ifikapo 2028 utapimwa Kibera na Kawangware kwa maswali ambayo kupika peke yake hakuyajibi: nani analipia tundu la hewa kwenye chumba cha kukodi, na nani anachoma makaa ya githeri ya mtaa mzima. Juu ya baridi, wapangaji wameanza kujijibu. Mwenye mtungi huchemsha maji kwa dakika kumi baada ya chakula cha usiku, huyajaza kwenye chupa za plastiki ngumu, huzifunga kwa sweta kuukuu na kuziweka miguuni mwa watoto chini ya blanketi. Zinakaa na joto hadi karibu alfajiri, na gesi iliyotumika ni ya shilingi chache.